Mtazamaji Ana Macho

Mheshimiwa Afisa wa Elimu wa Kaunti, mgeni wetu wa heshima. Mkuu wa Chuo, Bi. Waithera, wanachama wa bodi, Sheikh na Mchungaji mliotufungulia kwa dua na maombi, wazazi mliotoka Kinna, Gotu na hata Biliqo kwa ile barabara tunayoijua sote, walimu wenzangu, Kocha Duale na wasichana wako wa Choroa, timu yetu ya mpira wa vikapu, na nyinyi wanafunzi wa kituo cha runinga cha chuo, ambao mmeniwekea maikrofoni karibu na mdomo mpaka naogopa nitaimeza: salaam aleikum, na habari za mchana.

Nimeambiwa Mheshimiwa ameketi upande wangu wa kulia, ndiyo maana nimeinama upande huo. Kama amehamia kivulini, na kwa jua hili simlaumu, basi heshima zangu nimekipa kiti kitupu na ninaomba mtu amfikishie.

Nianzie hapo hapo, maana nimesikia minong'ono wakati mwanafunzi wangu Akolong ananishika mkono kunileta hapa mbele. Ndiyo, ni macho. La kulia limekwenda kabisa. La kushoto limeniachia tundu dogo, kama la ufunguo. Daktari anauita ugonjwa huu presha ya macho. Hauumi, hauwashi, unakula kutoka pembeni kidogo kidogo, na mwenyewe unaendelea kusema ni vumbi. Kwa hiyo leo, wakati Choroa wanafungua msimu mpya, mimi Mutwiri nafunga wangu, miaka minne kabla ya siku yangu ya kustaafu. Lakini sikupanda hapa kulia. Nimekuja kushukuru, na kumshukuru mtu sawasawa lazima kwanza useme ulimkosea nini.

Nimefundisha Kiswahili katika chuo hiki miaka ishirini na miwili. Mnaonifahamu mnajua nilivyo. Nimewahi kusahihisha tangazo la msiba. Nimewahi kumrudishia karani wa ofisi barua ya kunipandisha cheo kwa sababu ya herufi moja, na cheo chenyewe kikachelewa miezi mitatu. Mke wangu yuko hapa, anaweza kuwaambia jinsi ninavyosoma risiti ya duka.

Miaka sita iliyopita wanafunzi fulani walikuja ofisini kwangu na simu moja iliyofungwa kwenye fimbo ya ufagio kwa mpira wa tairi. Walitaka kuonyesha mechi za vikapu mtandaoni, ili wazazi walio mbali wawaone watoto wao. Walihitaji mwalimu wa kuwa mlezi wao. Nilikubali upesi sana, wakadhani napenda runinga. Ukweli ni kwamba niliogopa Kiswahili chao kisikike nje ya ua wa chuo bila mtu wa kukizuia.

Tukapewa ile stoo ya majembe kando ya uwanja, yenye dirisha linalotazama kikapu. Tukaweka skrini tatu. Mimi nikaketi mbele ya skrini kama waziri, nikitoa amri: kamera moja, kamera mbili, rudi kamera moja. Na pale dirishani tukaweka meza ya mtangazaji.

Mwaka juzi meza hiyo ilimpata Kendi, binti aliyeshuka kutoka mji wa Maua na sanduku moja na sauti inayofika Gotu bila mtambo. Mechi yake ya kwanza, dakika ya kwanza, nahodha wetu Talaso Waqo alishika mpira, na Kendi akawatangazia Wakenya wote: mpira iko mkono ya Talaso. Nilisimama. Nikamwambia kuwa mpira uko, si iko, na ni mkono wa, si mkono ya. Akajibu, sawa mwalimu. Dakika mbili baadaye mpira ukawa iko tena, safari hii mkono ya Makandi. Nilirudi nyumbani na kurasa nne za makosa, na mke wangu akaniuliza kama hiyo mechi ilikuwa na mshindi. Sikuwa najua.

Lakini sarufi ilikuwa kosa lake dogo. Kubwa, kwangu mimi, lilikuwa maneno mengi. Alieleza kila kitu: nani anakimbia, nani anafunga kamba ya kiatu, nani amemkazia mwenzake jicho. Nikamwambia kwamba hii ni runinga, si redio. Nikachukua karatasi ya manila na kalamu nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani mbele ya pua yake: MTAZAMAJI ANA MACHO. MWACHE AONE. Nilijiona mwerevu sana kwa maneno hayo matano.

Kendi akatii. Matangazo yakanyamaza. Alitaja pointi na faulo, basi. Wiki ya tatu ikaja simu kutoka Biliqo. Ni Mzee Waqo, baba yake Talaso, ambaye leo yuko nasi hapa. Akaniuliza kama yule msichana wa kutangaza ni mgonjwa, mbona siku hizi hasemi. Akanieleza kwamba kule wanatazama watu thelathini kwa simu moja, na wa nyuma wanaona shingo tu za walio mbele, na mtandao ukikwama hata wa mbele hawaoni kitu. Mimi nikamfundisha kwa simu tofauti ya runinga na redio. Akasema, haya mwalimu, wewe ndiye umesoma. Nami nikaichukua hiyo kama sifa. Mzee Waqo, nisamehe.

Sasa, wakati huo macho yangu yalikuwa yameanza safari. Niligonga mlango wa darasa nikasema ni vumbi. Nilimsalimia Kocha Duale nikidhani ni Mkuu wa Chuo nikasema ni jua. Vumbi la Isiolo lilisingiziwa mengi mwaka huo. Na kwa nini nilificha? Jamani, mwalimu asiyeweza kusoma daftari la mwanafunzi ni mwalimu wa nini? Niliogopa kuambiwa nenda nyumbani. Nilijua wakinitoa kwenye ile stoo ya majembe sina mahali pengine ambapo mtu ataningoja niseme neno ndipo afanye kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu, na siku hizi siionei aibu. Nikaendelea kutoa amri mbele ya skrini kwa kusikiliza mpira unapodunda. Ukidunda upande wa dirisha, kamera moja. Ukidunda mbali, kamera mbili. Niliamini hakuna anayejua.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu uliopita. Wageni walitoka ng'ambo ya mlima, uwanja ulijaa, pointi zilikuwa sare na robo ya nne ilikuwa inaelekea kwisha. Dakika hiyo Kocha aliomba mapumziko mafupi, upepo ukaleta vumbi, la kweli safari hii, na watu wote wa kamera wakafunika lenzi zao. Upepo ulipotulia wakafunua. Wote isipokuwa Akolong, wa kamera mbili, ambaye aliitwa kushika waya akasahau kifuniko.

Mpira ukadunda mbali. Nikasema, kamera mbili. Wakabadilisha. Kuanzia Kinna mpaka Biliqo, kila mtu aliyekuwa akitazama akaona giza tupu. Nami, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, nikasema, "Safi sana, Akolong. Safi. Kaa hapo hapo."

Hakuna aliyecheka. Hebu fikirieni, wageni waalikwa: chumba kizima cha vijana wa miaka ishirini, watu ambao hucheka hata mtu akipiga chafya, na hakuna aliyecheka. Nilishangaa kimya kile. Nikaongeza kwamba hiyo ndiyo picha nzuri, wajifunze hapo.

Kendi aligeuka kutoka dirishani. Hayo nilisimuliwa baadaye. Akaiona skrini, akaniona mimi. Angeweza kusema, mwalimu, picha imepotea. Ilikuwa haki yake kusema. Badala yake aliigeukia maikrofoni yake, na mbele ya pua yake ile karatasi yangu, akavuta pumzi akaanza.

"Mpira iko mkono ya Talaso. Amesimama. Anadunda na kushoto, pole pole. Mbele yake kuna wawili, mrefu na mfupi. Mrefu amechoka, ameshika magoti. Talaso anaangalia kona, Makandi ako peke yake huko, ameinua mkono."

Ndugu zangu, nilikuwa sijaona mechi mwaka mzima. Siku ile niliiona. Nilimwona Talaso, nilimwona yule mrefu ameshika magoti, niliuona mkono wa Makandi huko kona. Nilisahau kutoa amri. Na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, mtu alisema iko mbele yangu na sikusahihisha.

Kifuniko kiliondolewa baada ya dakika moja na nusu hivi, picha ikarudi. Kendi hakunyamaza. Aliendelea mpaka filimbi ya mwisho, faulo kwa faulo, jasho kwa jasho. Tulishindwa kwa pointi moja, na naomba Kocha Duale asinieleze tena kwa nini. Jioni hiyo Mzee Waqo alipiga simu. Sikumwacha hata amalize salamu, nikaanza kuomba radhi kwa lile giza. Akaniambia hakuna haja, maana siku hiyo hata watu wa nyuma waliona.

Wiki iliyofuata Bi. Waithera aliniita ofisini, akanisomea barua. Akolong alikuwa ameandika kuomba msamaha. Alisema giza lile ni kosa lake peke yake, na kwamba mwalimu wakati huo alikuwa ametoka nje kidogo. Barua yenyewe ilikuwa na makosa tisa, niliyahesabu kwa masikio. Na ilikuwa uongo mtupu. Hapo ndipo nilipojua kwamba wanajua.

Niliwaita stoo niwagombeze kwa kudanganya ofisi. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Lakini Kendi akanitangulia.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilijua tangu ile insha yangu. Uliisahihisha ikiwa juu chini. Na ukanipa kumi na nane."

Nikacheka mpaka nikaketi kwenye ndoo. Halafu nikalia, mbele yao, na sikuona ni nani aliyenishika bega. Msichana yule alikuwa ameibeba siri yangu muhula mzima, na huku mimi namkemea kwa ngeli.

Siku hiyo hiyo nilirudi kwa Bi. Waithera nikamwambia ukweli. Mama, hukunipa barua ya kuondoka. Kesho yake uliwasha gari lako mwenyewe ukanipeleka hospitali, ukaketi nami kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa kumi. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, lakini matone yangelinda kilichobaki, na kwamba ningengoja mwaka mmoja zaidi kisingebaki kitu. Kwa hiyo hili tundu la ufunguo nililo nalo, mmenipa nyinyi. Kupitia humo namwona mke wangu akija na chai, kikombe kwanza, halafu mkono, halafu yeye. Nawashukuru. Sijui kulisema kwa lugha ya juu zaidi ya hiyo, na lugha ndiyo kazi yangu.

Namshukuru Kocha Duale, aliyekubali wasichana wake watangazwe hata siku wanazoshindwa. Nawashukuru walimu wenzangu kwa saa ya ukutani mliyoninunulia. Niliposikia ni saa nilijiuliza nitaisomaje, mpaka nikaambiwa inagonga. Mmefikiria. Mwalimu Sheila, wewe ndiye mlezi mpya wa kituo. Wasahihishe, nakusihi, wanahitaji. Ila ngoja mechi iishe.

Akolong, asante kwa uongo wako, usirudie. Asante pia kwa jana, uliponipeleka stoo nikaomba kuigusa ile karatasi. Nilidhani mliing'oa zamani. Ukaniambia hakuna aliyethubutu, na kwamba Kendi ametangaza mechi zote za mazoezi ya msimu huu akiitazama na kuivunja. Nimeing'oa mwenyewe, polepole, kwa kucha. Iko hapa mfukoni, naenda nayo nyumbani. Msinibandikie nyingine mahali pake.

Na wewe Kendi. Nimesikia kwamba huko Gotu kuna bibi mmoja ambaye hajaona kwa miaka kumi, na sasa wajukuu wake humwekea simu mapajani kila Choroa wakicheza. Mimi nilidhani nakufundisha kazi. Ulikuwa unaijua kabla hujafika, ukainyamazisha kwa heshima yangu, na siku nilipoihitaji ukanipa bila kuniaibisha mbele ya watu. Kuna walimu wanaostaafu bila kupata mwanafunzi wa namna hiyo. Mimi nimempata, nikampa kumi na nane kwa insha iliyogeuzwa. Ilistahili ishirini.

Mheshimiwa, wageni waalikwa, nasikia wasichana wameanza kupasha misuli na refa anajaribu filimbi yake, kwa hiyo hata nikitaka kuendelea sitaweza. Nimewekewa kiti dirishani, kando ya meza ya mtangazaji. Mmenisikiliza kwa muda mrefu, na kwa miaka mingi, hata nilipokuwa nasema nisichokiona. Asanteni sana kwa hilo. Sasa ni zamu yangu kusikiliza.

Kendi, mwanangu, mpira iko mkono ya nani?