Kitambaa cha Bu Maarit

Kijiwe chetu ni benchi la mama muuza kahawa, Bu Sarmi, hapa Solo, kisiwani Java, nyuma ya shule. Ana mkokoteni wenye jiko la mkaa, mabirika yanayochemka kutwa, tempe ya kukaanga, na vile vifurushi vidogo vya wali tunavyoviita wali wa paka. Wenye benchi ni mzee wetu Pak Kipara, aliyeendesha baiskeli ya abiria mpaka magoti yakagoma; Mas Redio, fundi feni, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea; na mimi, mnywaji zaidi kuliko msemaji. Tangu Jumatatu tulikuwa na mwenzetu. Bu Maarit, mama wa Kifini anayefundisha hesabu hapo shuleni, alikuwa akija jioni kujizoeza kutembea amejifunga batiki, maana Jumamosi shule inasherehekea utamaduni wa Indonesia na yeye ndiye atakayewatangulia watoto jukwaani. Kitambaa alikichagua mwenyewe kwa kupenda rangi. Kilikuwa cha nakshi ya slobog. Na sisi, midomo yetu hii, tulimsifia.

Ijumaa alasiri, kabla hajafika, Pak Kipara akashindwa kuvumilia.

— Jamani, kile kitambaa.

— Kitambaa gani? Redio akauliza, na anakijua fika.

— Usijitie hamnazo. Slobog ni ya msibani. Mimi mke wangu nilimsindikiza makaburini nimejifunga slobog. Kesho mama wa watu anapanda jukwaani na nguo ya maziko, wazazi wote wanamtazama!

— Si umwambie.

— Mimi? Nasikia sungkan, bwana, haya inanifunga ulimi. Mtu katoka huko kwenye barafu, anafurahi vile, halafu nimtie haya usoni? Mwambie wewe.

— Asiyejua maana haambiwi maana. Wahenga walishamaliza.

— Wahenga hawakumaanisha hivyo, nikasema.

— Haya, mwenye wahenga wako, mwambie wewe.

Nikachukua tempe.

— Bu Sarmi, Kipara akabembeleza, nyie wanawake mnaelewana mambo ya nguo.

— Mimi nauza kahawa, Pak.

Redio akakuna kidevu. Akikuna kidevu, ujue mambo yanaanza kuharibika.

— Kwani nani kasema hajui? Labda kafiwa. Huenda kwao mtu akifiwa hucheza ngoma.

— Mfiwa gani anauliza kila siku kama kapendeza?

— Basi anapandishwa cheo! Zamani si hata afisa aliyekuwa anaapishwa alijifunga slobog, mambo yake yafunguke? Huyo kesho mwalimu mkuu. Mtaniambia.

— Wa hesabu? Hata mwaka hajamaliza!

— Mwenda pole hajikwai, Pak.

— Sasa hapo pole imeingiaje?

— Sikilizeni. Redio akashusha sauti. Huu ni mtego. Katumwa na wizara. Anapita na slobog mitaani kutupima kama sisi Wajawa bado tunajua mila zetu. Tukinyamaza, tumefeli. Mji mzima!

— Tumenyamaza tangu Jumatatu, nikamkumbusha.

— Ndiyo maana nasema tumefeli!

Kipara hakucheka. Alikuwa akizungusha glasi yake.

— Mimi nawaza watoto tu. Watarudi nyumbani waulizwe mwalimu wenu kavaa nini. Watu watanong'ona, yeye atadhani wanamsifu. Naumia, wallahi.

— Basi funika kombe mwanaharamu apite, Redio akasema. Akija, mimi najikwaa, kahawa namwagia kitambaa chote. Doa hilo halitoki. Atatafuta kingine, na hakuna aliyesema neno.

Mnaona wenyewe. Kuharibu nguo ya mtu tuliweza. Kufungua mdomo, hapana. Nami nilikubali, nikamwomba Bu Sarmi aijaze glasi vizuri.

Bu Maarit akatokea kwenye kona. Redio akasimama, glasi mkononi, mguu tayari kujikwaa. Akaganda hivyo hivyo. Mama alikuwa amejifunga truntum, ile yenye maua madogo madogo, inayovaliwa na wazazi wa maharusi.

— Mas Redio, mbona umesimama hivyo?

— Napoza kahawa, Bu.

Akaketi kati yetu, akapokea glasi yake.

— Leo asubuhi bibi yake Laras, mtoto wa darasa langu, amenishika mkono getini. Kaniuliza, mwanangu, nani amefariki kwenu? Nikasema hakuna. Akanipeleka nyumbani kwake, akanivua kile, akanifunga hiki chake. Kanieleza yote.

— Afadhali! Kipara akaropoka, kwa sauti kubwa mno.

Bu Maarit akamgeukia. Kisha Redio. Kisha mimi. Hakuwa na hasira, na mimi nilitamani awe nayo.

— Nyie mlijua?

Tukisema hapana, wazee wa Solo hatuijui slobog. Tukisema ndiyo, basi tulikuwa tukimsifia sanda. Kipara akacheka kile kicheko chetu cha kuficha haya. Bu Sarmi akayachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Mimi nikachukua tempe.

Akasubiri, kwa upole, kama anavyowasubiri watoto kwenye hesabu ngumu. Halafu akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu.

— Si kitu, Pak. Si kitu.

Neno hilo alilisema kama tunavyolisema sisi tunapoficha kilichotuuma, kwa sauti ile ile, bila kosa. Akaisifu tempe, akamaliza kahawa, akaaga mmoja mmoja. Sijawahi kuumizwa na adabu ya mtu kama nilivyoumizwa na ile.