Mzee Turubai Anashuka Garini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye usukani wa gari la chuo chetu cha kupiga mbizi, Mzee Turubai anastaafu. Kuogelea hajui mpaka leo. Anasema maji anayoletewa garini yanamtosha.

Jina hilo hakupewa bure. Hakuna suti ya kuzamia iliyoingia garini imelowa kabla ya turubai kutandikwa na kingo zake kukunjwa juu, maji yasipate pa kutorokea. Suti na mapezi viliwekwa kwenye mabeseni, miwani ikaviringishwa kwenye taulo kavu, mitungi ya hewa ikalazwa na kufungwa mikanda. Madirisha yalikaa wazi hata wakati wa baridi. Aliyekalia kiti na kaptula mbichi aliteremshwa, awe nani. Mkuu wa chuo ameteremshwa mara mbili.

Sasa tumseme kidogo. Gari la chuo liligoma siku moja, akabeba vifaa kwa gari lake mwenyewe. Alikuwa na haraka, kwani kesho yake alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, na alikwisha kuapa kwamba atamwendesha yeye mwenyewe, kwa gari hilohilo. Akafika nyumbani, akapandisha vioo vyote, akaingia kupokea wageni. Suti nne mbichi zikalala humo ndani. Asubuhi mkewe alifungua mlango wa gari, akaufunga, kisha akamwita mumewe kwa majina yake yote matatu.

Tulikuja mbio na sabuni, malimau na marashi. Tulichofanikiwa ni kulifanya gari linuke bahari yenye marashi. Mkuu wa chuo akatoa gari lake jeusi, na Mzee akakubali, kichwa chini. Tulimhurumia sana.

Aliyekataa ni bibi harusi. Alisema baba yake amerudi na harufu hiyo kila jioni tangu yeye mtoto, na leo hataki kuendeshwa na mtu mwingine. Akapanda. Waliondoka vioo vyote vikiwa chini, shela ikipepea nje, na dereva akipiga honi hata pasipo na mtu.

Binti huyo ndiye atakayekuja kumchukua siku ya kuagana. Ameshatuambia kwamba safari hii yeye ndiye ataendesha, baba atakaa nyuma kama bwana harusi.

Mzee wetu, asante kwa kuturudisha nyumbani salama, na wakavu. Tunakuombea afya, raha na usingizi mnono. Panda, mwanao anakusubiri.