Firimbi ya Refa Ililia Mchana Kweupe

Dada yetu mpendwa tunayemsindikiza leo, mtaa mzima ulimwita Refa, na yeye aliitika jina hilo kuliko lile la kwenye cheti. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayeusoma mbele yenu. Kaka yao mkubwa aliupitia jana, akashauri sehemu ya mwisho ifutwe, maana msibani si mahali pa kusutana, na aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mdogo mtu akamjibu, "Mwosha ni mimi, kaka." Haikufutwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe, katika chumba kimoja nyuma ya stesheni ya reli. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alilia hadi mkunga akaziba masikio, na tangu siku hiyo hakuwahi kuomba kitu kwa sauti ya chini.

Alisoma shule ya msingi ya hapo hapo relini, ambako aliwashinda mbio wavulana wote mpaka wakaacha kushindana naye. Baada ya sekondari alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1979 akiwa mwalimu wa michezo. Baba yao, mtu asiyejua kusifu, alimkatia kamba ya kiatu ili avalie firimbi yake ya chuma shingoni. Kamba ilibadilishwa mara nyingi. Firimbi ilikuwa ile ile.

Alifundisha katika shule ya mtaa huu hadi alipostaafu mwaka 2017. Wengi mliokaa kwenye viti hivi mmewahi kupanga mstari kwa firimbi hiyo, na mnakumbuka alivyomjua kwa kumtazama tu anayesingizia kuumwa mguu. Hakuwa mpole. Alikuwa wa haki, na mtoto aliyeonewa uwanjani alijua akimbilie wapi.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na fundi wa friji. Walikutana siku bwana huyo alipokatiza uwanja na mkokoteni wake katikati ya mechi ya netiboli. Refa alipuliza, akamtoa nje ya mstari. Mechi ikaisha, watazamaji wakatawanyika, fundi bado amesimama pale pale na friji ya watu. Akauliza, "Refa, adhabu yangu inaisha lini?" Hadi anazeeka bibi huyu alikuwa akijibu swali hilo kwa kusema bado. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2009 vibaka walimkaba mume wake getini kwake, jua halijazama, wakampiga bomba la chuma, wakaondoka na begi lake la vifaa. Mapazia ya jirani yalitikisika. Hakutoka mtu. Fundi hakurudi kazini tena, na mwaka uliofuata alifariki. Refa hakumnunia mtu. Aliuita mtaa uwanjani, akahakikisha kila nyumba ina firimbi, na wote wakakubaliana: ikilia, aliyepo anatoka, hata kama mkononi ana mwiko tu. Kisha akawafanyisha mazoezi. Kuna mstaafu mmoja mwenye heshima zake aliyetoka akijikokota, Refa akamrudisha ndani atoke upya, na akatoka mbio.

Ilifanya kazi. Vibaka waliokuwa wakibeba mitungi ya gesi na betri za magari walihamia kwingine, na watoto walirudi kucheza nje. Halafu, kwa sababu mambo yalituwia mema, watu wakapata vya kujifungia: kuta zikapanda, juu ya kuta zikaja nyaya za umeme, yakaja mageti ya chuma, wakaja mbwa, likaja kundi la simu linaloitwa Mtaa Salama. Kila mtu akawa na usalama wake. Firimbi wakapewa watoto wachezee.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo. Daktari alimkataza kukimbia na kugombana. La kwanza alilishika. Mdogo wake alihamia kwake kumwangalia. Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, mchana, mdogo huyo akiwa sokoni, marehemu alianguka jikoni. Simu ilikuwa sebuleni. Firimbi ilikuwa shingoni, akaipuliza.

Yaliyofuata tumeyapata kwenu wenyewe, mkisimuliana kwa fahari hapa hapa msibani, vikombe vya chai mkononi. Muuza dawa wa mkabala, aliyekuwa akimuuzia dawa za moyo, aliisikia akashusha shata la duka. Jirani wa ukuta mmoja aliingiza nguo alizoanika, akaingiza na mbwa. Mwenyekiti wa mtaa aliandika kwenye kundi: "Firimbi inalia, wezi wameingia. Kila mtu ajifungie." Mkamjibu kwa vidole gumba. Mnasema ililia sana, ikafifia, ikanyamaza. Ndipo mwenyekiti akaandika tena: "Hali ni shwari. Asanteni kwa umakini."

Mdogo wake alirudi akakuta mtaa mzima umefungwa, isipokuwa mlango wa Refa, ambao ulikuwa umerudishiwa tu. Firimbi ilikuwa bado mdomoni. Daktari alisema angefikishwa hospitali mapema, huenda angepona. Inatia kichefuchefu. Tumetafuta neno lenye adabu zaidi, hatukulipata. Mdogo wake amewaza usiku na mchana, akaona heri siku ile angepita mwizi kweli. Mwizi angalau angesukuma mlango.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na mdogo mmoja. Ameacha pia majirani, wote wazima wa afya, na vitu vyao vyote. Siku ile hakuna aliyeibiwa hata kijiko.

Kabla jeneza halijashushwa, mdogo wake atapuliza firimbi hii mara moja. Wenzetu wa mtaani mnaombwa msikimbie. Hakuna mwizi. Ni jirani yenu anaita.

Pumzika kwa amani, dada. Adhabu ya fundi wako imeisha.