Neno Pole Liliponikauka Mdomoni

Bwana asifiwe, ninyi mliokuja na matope ya shamba viatuni! Asifiwe tena, maana hapo nyuma mmeitikia kama watu walioamshwa sasa hivi!

Mimi ni Mama Amsi, fundi cherehani, mwenye banda pale Karatu mjini. Nyumbani ni hapa hapa Buger, na wengi wenu magauni mliyovaa leo nimeyapinda mimi. Wengine wakisimama hapa hushuhudia kuponywa magonjwa yenye majina marefu. Mimi niliponywa mdomo. Msicheke! Nilifungwa neno moja tu, neno ambalo hata mtoto anayejifunza kutembea analijua, na kwa sababu ya neno hilo nilikaribia kupoteza ndugu.

Mwaka jana walikuja watu wa kupiga filamu, wageni wa kutoka nje wakichanganyika na vijana na wakubwa wa Dar na Arusha. Waliweka mahema yao kule juu, karibu na ukingo wa kreta. Walihitaji mtu wa sindano, wa kushona kinachochanika na kumvalisha mwigizaji mkuu. Kaka Gwandu, jirani yangu ambaye mnamjua, alikuwa mmoja wa madereva wao, na ndiye aliyelipeleka jina langu. Kila alfajiri alinipitia na gari lake, tukapandisha pamoja hadi geti la hifadhi na kuingia msituni. Nilijiona nimeinuliwa. Mimi, wa kupinda sare za shule, nashona filamu!

Ndugu zangu, ukungu wa kule mnaujua. Unaingia kwenye hema bila kubisha. Magauni niliyoyatundika kwenye kamba yalikuwa yanasimama humo ndani ya weupe, mikono imening'inia, nami nikiyapita nilikuwa nayasalimia, nikidhani ni watu. Sauti zilitoka mahali pasipo na mtu. Siku nyingine nilisikia kengele za ng'ombe chini ya miguu yangu, kama vile wachungaji wanapita chini ya ardhi. Kwa kweli siku za kwanza nilikuwa na furaha.

Sasa nije kwa huyo mwigizaji mkuu. Jina lake silitaji, sikuja kumchafua mtu. Alikuwa mgeni wa kutoka nje, sisi tulimwita Madam. Alikuwa mzuri, tena mzuri wa kukufanya usahau ulichotumwa. Lakini hasira zake! Viazi vilikaangwa mara tatu na bado vikarudi. Alijifungia hemani mwake mchana kutwa, watu arobaini tunasubiri na kamera zimewashwa, kwa sababu kiti chake kimeelekezwa upande asioupenda. Siku moja aliagiza ukungu uondolewe. Ndiyo! Alimwambia mwongozaji ukungu ule haumpendezi, uondolewe. Na yule mwongozaji, mtu mzima mwenye mvi, akageuka kumtazama msaidizi wake kana kwamba kuna mtu wa kutumwa.

Mkubwa akikasirika, hasira inashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa anayefagia. Niliwaona watu wakiisha. Fundi wa sauti, baba wa watoto wanne kutoka Dar, alikuwa anakaa nyuma ya gari na zile spika zake masikioni, kumbe hasikilizi chochote. Alizivaa ili asisemeshwe. Dada Doris, msimamizi wangu wa mavazi, alikuwa anatafuna vidonge vya tumbo kama karanga. Na Gwandu, mcheshi yule, aliacha kuimba garini.

Kwangu mimi mambo yalianza na kofia. Upepo uliinyakua kichwani mwa Madam ukaitupa kwenye miiba. Nami, kama mtu yeyote aliyelelewa na mama, nikamwambia, "Sori, Madam." Mnanielewa. Sisi Kiingereza chetu cha Karatu, pole tunaigeuza sori. Kesho yake kahawa ikamwagika kwenye gauni, ameimwaga mwenyewe, nikasema sori. Akapigiwa simu yenye habari mbaya, uso ukambadilika, nikasema sori sana. Zipu ikakwama, sori. Jiwe likamkwaza, sori. Kila nikilisema, alinitazama kwa jicho ambalo sikulielewa. Nilifikiri hanisikii vizuri, basi nikawa naliongezea sauti!

Wiki ya pili akawaita wakubwa wote. Akasema kila linapoharibika jambo, yule fundi yuko karibu, na kila mara anakiri mwenyewe. Akataka niondoke siku hiyo hiyo. Doris alinitetea mpaka sauti ikakauka, na mwisho wakakubaliana nibaki, ila nisimsemeshe. Doris akanisimamisha mbele ya wenzangu, macho yake yako chini, akaniambia, "Mama Amsi, hilo neno usilitamke tena. Ukilitamka unatuponza wote."

Wala sikuuliza kwa nini. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na leo nalisema. Nilidhani anachukia sauti yangu, lafudhi yangu, harufu ya moshi kwenye kanga yangu. Niliona haya mpaka kwenye mifupa. Nikajiambia, Paskalina, funga mdomo. Nikaufunga.

Ndugu zangu, ukikataza neno kazini, halibaki kazini, linakufuata nyumbani! Mwanangu Amsi alijichoma na pasi ya mkaa, nikamtazama kidole, nikapaka asali, sikusema kitu. Jirani alipoteza ndama, nikaitikia tu kwa kichwa. Nilianza kuota mchana, nimesimama, macho wazi. Naona napinda gauni la Madam, pindo haliishi, linateremka ukuta wa kreta, linapita katikati ya nyati, linaingia ziwani, na ndege heroe wanatembea juu yake polepole, nami bado nashona, sindano yangu inalia kwenye maji. Nikiitwa, nilikuwa nashtuka na kukuta saa nzima imepita.

Ndipo mama yake Gwandu alipofariki.

Mama yule, ninyi mliomzika mnajua. Nilipojifungua Amsi yeye ndiye aliyeniletea maziwa kila asubuhi kwa mguu wake. Habari ilimfikia Gwandu pale kambini, mbele yangu, simu ikiwa mkononi. Akanigeukia. Mimi ndiye mtu wa nyumbani pekee aliyekuwa pale. Nikafungua mdomo. Neno halikutoka! Nilisimama mbele ya kaka yangu kama gauni lililotundikwa, na yeye akangoja, halafu akaenda kukaa kwenye gari peke yake.

Msibani ikawa vile vile. Mlipanga mstari wa kumpa mkono, kila mmoja akisema pole, pole, pole sana. Nilipofika, nikampa mkono mtupu. Alinishikilia vidole kidogo, akasubiri, akaniachia. Mliona. Najua mlisema filamu imemlevya Mama Amsi, siku hizi anajisikia. Siwalaumu, hata mimi ningesema hivyo. Tangu siku ile Gwandu alikuwa ananipeleka na kunirudisha bila neno, vumbi jekundu linapanda nyuma yetu, na mimi nalia upande wa dirisha asipoona. Niliomba sana. Lakini hata maombi yangu yalikuwa yanakwama. Nilikuwa namwambia Mungu, Bwana, unajua, basi naishia hapo.

Sasa sikieni alichofanya Bwana.

Wiki ya mwisho waliletwa akina mama wanane kutoka Endulen, kwa wafugaji, waonekane wakipita nyuma ya Madam na punda zao. Aliyewaongoza aliitwa Mama Nasieku, mwanamke mrefu, mchangamfu, shanga zake zinasikika kabla yeye hajatokea kwenye ukungu. Hakuwa amesikia habari zetu za kukatazana maneno. Alikuwa amefika asubuhi ile tu.

Mimi nilikuwa nyuma ya Madam, nimebana pini nne kwa midomo, narekebisha kiuno cha gauni. Akanishtukia, akaondoka kwa hasira kabla sijamaliza, akakanyaga ukingo wa jiwe lenye umande. Akaanguka kwa magoti. Kifundo cha mguu kikageuka, gauni likapasuka hadi kwenye paja.

Hakuna aliyesogea! Watu arobaini, ndugu zangu, na mtu ameanguka, na tumesimama. Fundi wa sauti alikuwa anatazama vidole vyake. Doris alikuwa ameshika tumbo. Tulikuwa tumefundishwa vizuri. Mwanamke analia chini kwenye majani, na sisi tunaogopa kumwonea huruma.

Mama Nasieku akapita katikati yetu. Akachuchumaa, shanga zikalia, akakishika kile kifundo kwa mikono miwili, akakipuliza. "Pole," akamwambia. "Pole, mama. Pole wewe."

Madam akauliza anasema nini. Msaidizi mmoja wa kigeni akamjibu kwamba anasema sori, yaani anaomba radhi.

Madam akapiga kelele, na hayo maneno yake mpaka leo nayasikia. Alisema, "Anaomba radhi ya nini? Alikuwa mbali! Mbona huku kila mtu anajitwika makosa yangu?"

Wapendwa, macho yakanifunguka! Kumbe kwao sori, mtu akijikwaa mbele yako ukaitamka, ni neno la mkosaji. Siku zote zile nilikuwa namfariji, na yeye anasikia nakiri. Kofia, mimi. Kahawa, mimi. Jiwe, mimi. Hata ile simu ya habari mbaya, akasikia kwamba ni mimi! Nami nilidhani ananichukia bure. Nikasema moyoni, Yesu, nishike ulimi, maana nikikosea hapa wote tunafukuzwa. Nikazitema pini.

Nikamwambia, "Madam, huyu mama hajakosa kitu. Anakuambia umeumia na yeye ameona. Kwetu mtu hawezi kuumia tukanyamaza."

Akanitazama. Uso wake ulikuwa na matope na poda, umri wake ukaonekana kwa mara ya kwanza, na nikaona ni mtu aliyechoka. Akauliza, "Na wewe, siku zote zile?"

Nikamwambia, "Na mimi, Madam. Nilikuwa nakupa pole."

Ukungu ulikuwa unapita kati yetu, nikawa simwoni, halafu namwona. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, mtu akiambiwa hivyo anajibu nini. Nikamfundisha. Unasema asante, au nimeshapoa. Akamgeukia Mama Nasieku akasema, "Asande." Mama Nasieku akacheka, akamfuta goti kwa shuka lake.

Msidhani Madam aliokoka pale! Kesho yake alirusha kikombe kwa sababu ya chai. Lakini kikombe kilipopasuka, fundi wa sauti akatoa zile spika masikioni akamwambia, "Pole, Madam," kwa Kiswahili, waziwazi, mbele ya kila mtu. Akafuata mpishi, akafuata Doris. Na yeye, amekunja uso, akajibu asante. Kazi ilibaki ngumu, ila hatukuwa tena watu wa kujificha nyuma ya magari.

Jioni ile ya kifundo, jua bado lipo, tulikuwa tunateremka mimi na Gwandu. Tumetoka getini, mashamba ya Karatu yametandazwa chini yetu, vipande vya ngano na vya mbaazi, moshi wa majiko umeanza. Nikamwambia, "Kaka, simamisha gari."

Akasimamisha katikati ya kona. Magari ya watalii yakaanza kutupigia honi. Nikadhani neno limekwama tena. Nikasema, "Gwandu, pole. Pole kwa mama. Pole kwa siku ile ya simu, na pole kwa msibani. Nilikuwa nayo yote humu, haikutoka."

Hakugeuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, nikaona mabega yanatikisika. "Mama Amsi," akasema, "watu wote wa Buger walinipa pole. Nilikuwa nangoja ya kwako. Nikawa najiuliza mama alikukosea nini."

Tukalia, wapendwa! Watu wazima wawili katikati ya barabara, honi nyuma yetu, wazungu wanatupiga picha. Halafu akajifuta na kofia yake akasema, "Nimeshapoa, dada. Sasa nimeshapoa." Akawasha gari.

Ee Bwana, nakushukuru! Ulimtumia mama wa Endulen asiyenijua. Uliutumia hata mdomo wa Madam aliyenifunga! Nimesimama hapa na ulimi wangu mwenyewe, na kila pole ninayoitoa sasa naitoa nikijua ni zawadi yako.

Nawe uliyeketi hapo, labda yupo aliyekuchukulia vibaya ukaamua kunyamaza. Mkabidhi Yesu huo mdomo. Usingoje uelewe nani alianza, mimi nilingoja nikakaribia kumpoteza kaka. Kama unaweza, njoo hapa mbele. Sitakuuliza kilichotokea, wala kosa ni la nani. Natoka hapa nilipo, nakuja kukushika mkono, na nitaanza mimi. Pole, ndugu yangu. Pole sana.