Hyasinta Ndunguru na Mnyama wa Mita Mia Saba na Arobaini

Baba Paroko, ndugu zetu, majirani wa Mchafukoge na mafundi wa Mtaa wa Sikukuu, familia imenituma mimi Victoria, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu kabla hatujamsindikiza makaburini Kinondoni.

Hyasinta Pius Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kijiji cha Litembo, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu Mzee Pius Ndunguru na marehemu Mama Sofia. Alisoma Shule ya Msingi Litembo kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akamaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na hakuingia tena darasani kama mwanafunzi.

Mwezi Februari 1976 alikuja Dar es Salaam kwa baba yetu mdogo, fundi saa aliyekuwa na meza Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, naye akamfundisha kazi kwa sharti moja, kwamba kila kinachotolewa ndani ya saa kipangwe juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio uleule kilivyotoka, ili kirudi mahali pake bila kubahatisha. Baba mdogo alipostaafu mwaka 1990 meza ikawa ya Hyasinta, na wateja wageni waliomkuta ameinamia saa walizoea kumuuliza fundi yuko wapi, naye akiwajibu, "Ameinama, msubiri ainuke," kisha anaendelea na kazi.

Tarehe 7 Mei 1983 alifunga ndoa na Elieshi Mshana, karani wa reli, wakajaliwa watoto wawili, Fortunata, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1985, na Adamu, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1989, na baadaye wajukuu wanne. Shemeji yetu Elieshi alifariki tarehe 18 Julai 2011, na tangu hapo Hyasinta aliishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, pamoja na Fortunata.

Ipo kazi yake nyingine ambayo wengi wenu mliisikia nusunusu, nayo ilianza tarehe 11 Machi 2009, siku ambayo Daktari Sitara Zahoro, mtafiti wa viumbe wa bahari, ambaye tuko naye hapa, alifika mezani na hadubini iliyokuwa ikiteleza gia, baada ya kukataliwa na mafundi watatu. Hyasinta aliitengeneza kwa saa mbili, akaomba kitu cha kuijaribia, Daktari akampa kipande kidogo kilichokuwa kwenye kichupa, naye akachungulia kwa muda mrefu, akauliza, "Hiki ni kifaa cha nini?" Daktari akamwambia si kifaa, ni taya. "La nani?" "La mnyama wa chini kabisa baharini, Mama." Dada akachungulia tena, akasema, "Aliyelichonga hakuwa na haraka."

Kuanzia mwezi uliofuata, kila Jumanne na Alhamisi alifunga meza saa sita mchana akaenda maabara, na huko kazi yake ilikuwa kufungua wanyama wa jamii ya kamba na kaa wanaotolewa kwenye kina kirefu, kutenganisha miguu, taya na vipapasio, kuvipanga juu ya kitambaa cheupe, na kuhesabu, kwa sababu wanyama wawili wanaofanana kwa kila kitu wanaweza kuwa spishi mbili tofauti kwa ajili ya mwiba mmoja au unywele mmoja wa mguuni. Daktari Sitara ametueleza kwamba kwa miaka kumi na minne hakuwahi kukuta kiungo kilichovunjwa na kibano cha Hyasinta.

Tarehe 23 Novemba 2020 meli ya utafiti ilileta mnyama aliyenaswa kwa mtego mashariki ya Mafia, kwenye kina cha mita mia saba na arobaini, na familia tulipelekwa kumwona. Alikuwa na urefu wa sentimita thelathini na moja, mgongo wa magamba yaliyopandana kama vigae, jozi saba za miguu, jozi mbili za vipapasio, na chini ya mkia jozi tano za vibao laini, ambavyo huvitumia kuogelea na hivyohivyo kupumua. Tuliambiwa kwamba mnyama wa aina hiyo anaweza kukaa miaka bila kula, akingojea mzoga ushuke kutoka juu.

Macho yake yalikuwa mawili, kila moja limeundwa kwa lenzi nyingi ndogo zilizobanana, na Hyasinta alihesabu lenzi za jicho moja kwa wiki tatu. Siku aliyomaliza alirudi nyumbani, akakaa kitini bila kuvua viatu, akamwambia Fortunata, "Madirisha elfu tatu mia tisa na sita, mwanangu, na jua halifiki kule. Mungu anamwonyesha nini?"

Mkia wa mnyama huyo ulikuwa na miiba saba ukingoni, wakati spishi iliyofanana naye ina kumi na mmoja, na hiyo ilikuwa sababu kubwa ya watafiti kuamini kwamba huyu ni mpya, hajawahi kuandikwa na mtu yeyote. Makala ilitayarishwa, na Daktari Sitara na wenzake wakakubaliana kwamba spishi hiyo ipewe jina la Hyasinta, jina ambalo lingeandikwa katika vitabu vya sayansi kwa wakati wote. Habari zilifika Mtaa wa Sikukuu siku hiyohiyo, na Abbasi, fundi simu wa meza ya jirani, akatangaza, "Mwenzetu ana mdudu wa jina lake, sisi hata kichochoro hatuna!" Fortunata alipiga simu mpaka Mbinga.

Makala ilikuwa ipelekwe Jumatatu tarehe 21 Juni 2021. Alhamisi tarehe 17 Hyasinta alikuwa peke yake maabara, akiusafisha mkia kwa mara ya mwisho ili upigwe picha, akapitisha ncha ya sindano kati ya nywele za ukingoni, na sindano ikakwama mahali palipoonekana laini. Gia ya saa jino lake likikatika hubaki kisiki, na alichokikuta pale ni kisiki cha mwiba, kimesagika na kufunikwa na nywele, kisha akakuta cha pili, cha tatu na cha nne. Saba na vinne ni kumi na moja, na mnyama huyo alikuwa na jina tayari.

Hakumwambia mtu maabara siku hiyo. Alirudi nyumbani akamweleza Fortunata, na Fortunata, ambaye ameniruhusu niyasome haya, alimwambia, "Mama, watu wote wameangalia hawajaviona. Nani atakwenda kuvitafuta?" Hyasinta akamjibu, "Unataka nimpe mteja saa ambayo najua haiendi?" Fortunata akasema, "Hii si saa, hili ni jina lako, Mama," na wakalala hawasemezani. Ijumaa asubuhi Hyasinta alimpigia simu Daktari Sitara, Daktari akasema, "Hesabu tena," naye akahesabu mara tisa kwa siku mbili, kila mara kumi na moja. Makala ikaondolewa, na meza ya jirani ikawa na adabu ya kutomuuliza.

Mwezi Agosti 2023 alianza kuvimba miguu, akapimwa katika Hospitali ya Amana na kukutwa na ugonjwa wa figo, akafunga meza yake tarehe 29 Septemba mwaka huo, na kuanzia Januari 2024 alikuwa akisafishwa damu Muhimbili mara tatu kwa wiki. Alifariki huko Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, Fortunata na Adamu wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Amana na Muhimbili, majirani wa ghorofa zote waliopokezana kumshusha na kumpandisha ngazi, Abbasi na mafundi wa Sikukuu waliofunga meza zao leo, na Daktari Sitara na watumishi wa maabara. Ijumaa Fortunata alikwenda kuwapa taarifa, wakamwonyesha chupa ya yule mnyama, na ndani ya spiriti, pembeni ya mkia, ilikuwamo karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli, kwa maana wino huyeyuka, yenye jina la zamani la spishi, mahali, kina, na mstari wa mwisho kwa mwandiko tunaoujua: Ametambuliwa na H. P. Ndunguru, 19 Juni 2021. Daktari alimweleza kwamba karatasi ya mtambuzi haitolewi kamwe, hata wataalamu wa kesho wakibadilisha jina la mnyama wataongeza yao na kuiacha hiyo ilipo, na Fortunata akaomba aachwe na ile chupa kidogo, wakamwachia.

Dada yetu Hyasinta, tunakukabidhi kwa aliyekuumba, pumzika kwa amani.