Chupa ya Kijani ya Jotham

Benchi la soga liko ndani ya duka la Waafrika pale Brooklyn Park, huku ughaibuni, kati ya friji ya samaki na magunia ya unga, maana nje ni Februari na hakuna wa kupiga soga kwenye barafu. Kila Jumapili baada ya kanisa wenyewe hufika: Gitonga, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya wagonjwa, basi huitwa Daktari, Pacifique wa Lubumbashi, aitwaye Parisi ingawa Parisi hajaiona, na Shosh Mumbi, jina la kazi Redio. Mumbi aliletwa kulea wajukuu, wajukuu wakakua, sasa wanamjibu kwa Kiingereza huku wakielekea chumbani. Maneno humjaa wiki nzima, akayatapika Jumapili. Na leo alikuwa na neno tamu.

— Jotham amekosa kanisa mara ya tatu, alisema akimimina kahawa. Sababu naijua. Niliona chupa kwake, kijani kama maji ya sukuma wiki.

— Iliandikwa nini, Mama? akauliza Parisi.

— Absinti, kitu kama hicho.

Parisi akashika kichwa.

— Ah non. Ile Ulaya walikatazaga zamani. Mtu akikunywa anaona watu wenye hawako.

— Ni ya pakanga, Daktari akasema. Ule mmea mchungu pastor huhubiri. Ikishika ubongo, ni kifafa. Nilisoma kwa simu.

— Kifafa ni kidogo, Mumbi akaongeza. Hata macho hugeuka kijani.

— Na jasho, Mama, Parisi akadakia. Mashuka yanabakia na rangi.

— Ndiyo maana mke wake alihamia Texas, Daktari akamalizia. Alichoka kufua.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Binti aliyekuwa akisubiri kukatiwa samaki akageuka. Alijitaja Valentina, wa Tanzania, mwanafunzi wa famasia.

— Shikamooni. Hiyo siku hizi inauzwa kihalali. Ya wazimu yalitiwa chumvi. Kinachoumiza ni ukali wa pombe yenyewe. Huyo baba hunywa na nani?

Daktari akafuta kahawa iliyomwagika.

— Alitoka kwa grupu ya WhatsApp, Daktari akasema.

— Hapa huwezi kuenda kwa mtu bila kupiga simu, akasema Parisi.

— Mmepiga?

Redio akaweka kikombe chini. Siku ile alipoiona chupa, Mumbi alikuwa amepelekwa kwa Jotham, kule Champlin, kurudisha sufuria. Juu ya meza palikuwa na ile chupa na glasi mbili, moja imetumika, moja kavu. "Ingia, mama, hata kama ni maji utakunywa," Jotham alimwambia. Yeye akabaki mlangoni, akaisoma chupa vizuri asije akakosea kuisimulia, akaaga.

Sasa Mumbi akavaa koti.

— Daktari, nipeleke Champlin.

— Ukamwangalie macho, Shosh?

— Nikakae. Na wewe utaingia, hutangoja kwa gari.