Maman Mwadi na Dirisha Lililopigiliwa Misumari

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Maman Mwadi Kasongo, mzaliwa wa Likasi kule nyumbani, mkazi wa Ixelles huku ugenini. Tumemzika Jumamosi. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Narudia: sitini na mbili. Maana pale makaburini kuna aliyenong'ona kwamba ni uzee. Si uzee.

Maman Mwadi alikuwa dobi kwenye pressing, duka la kufua suti na makoti kwa dawa, bila maji. Alifanya kazi hiyo karibu miaka ishirini. Mashine ilikuwa chumba cha nyuma, na ilivuja. Chumba kilikuwa na dirisha moja. Majirani wa juu walilalamikia harufu, basi mwenye duka akalipigilia misumari. Harufu iliyowashinda majirani ikaachiwa wafanyakazi.

Binti yake, Hadassa, anasimulia: "Maman alikuwa anarudiaka kichwa inazunguka. Anaikala kwanza kwa ngazi, na manteau yake, koti ya baridi. Siye tunacheka: maman amelewa! Kumbe alikuwa amelewa kweli. Ile dawa."

Kisha siku moja alishuka basi kwenye kituo chake mwenyewe, Chaussée d'Ixelles, akasimama tu. Hakujua aelekee wapi. Baadaye akamwita Hadassa kwa jina la marehemu dada yake yeye Maman. Akashtuka. Akajifungia bafuni, akawa anataja majina ya wanawe, mmoja mmoja, mpaka yakamkaa sawa.

Daktari alisema ni demensia. Maman alikuwa na miaka hamsini na minane. Hadassa akauliza kuhusu dawa ya kufulia. Daktari hakuzunguka: "Siwezi kuapa kwamba ni dawa peke yake. Lakini kuvuta mvuke kama ule miaka mingi kunaweza kuongeza hatari. Hilo siwezi kuliweka kando."

Mwenye duka alikuja nyumbani na maua. Akamwambia apumzike, umri umeenda. Maman Mwadi akayapokea, akamshukuru. Kesho yake akavaa koti, akachukua nyundo, akamwambia Hadassa, "Twende."

Aliingia moja kwa moja chumba cha nyuma, akaanza kung'oa misumari. Mwenzake wa kazi, Émérance, alimshika mkono. "Maman, watatufukuza!"

"Bafukuze! Mukibakia humu, mutasahau mpaka jina ya ule mwenye anawafukuza."

Mikono yake ikachoka. Wasikilizaji wapendwa, Émérance ndiye aliyeichukua nyundo akamalizia. Mwenye duka akatishia kuita polisi. Maman akavuta kiti, akaketi. "Bon. Ita. Na bao bavute kidogo hii dawa."

Siku ile hakuna aliyewasha mashine. Chama cha wafanyakazi kikaingia, wakaguzi wakaja wakapima hewa, mashine ikafungwa. Leo Émérance anafanya kazi palepale, kwa mashine mpya isiyovuja. Lakini ombi la Maman Mwadi la kutambuliwa kwamba aliugua kwa sababu ya kazi lilikataliwa. Familia ikakata rufaa. Amekufa bila jibu.

Mwishoni alikuwa amesahau yote, hata pressing. Émérance alimtembelea, akamsimulia habari za mwanamke mmoja aliyeingia dukani na nyundo. Maman akacheka mpaka machozi. "Ule mwanamuke iko na kichwa nguvu! Ni nani?"

"Ni wewe, maman."

Akajifuta machozi. "Ah bon," akasema, na mgongo ukanyooka.

Kwa Hadassa, kwa ndugu wote wa hapa na wa Likasi, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Na rufaa, Hadassa anasema, haizikwi: "Tutaendelea. Atashinda akiwa mule mule kaburini."

Nawe unayetusikiliza umevaa glavu, unasugua sakafu za ofisi za Schuman au unapaka rangi nyumba za Saint-Gilles: kichwa kikikuuma kila jioni, usiseme ni uchovu. Uliza unavuta nini. Wakikasirika, uliza tena, na usiulize peke yako.

Maman Mwadi apumzike kwa amani. Sisi, kupumzika bado.